Kabla ya kutengeneza propela ya mapanga yanayogeuka

Propela hii ina mapanga yanayoweza kubadilishwa pembe kwenye kitovu, kipande cha katikati kinachoyashika, huku shafti ikizunguka. Wengi huanza kwa kuchora mapanga. Anza na kitovu. Panga likikosewa kidogo, boti itakwenda polepole; kitovu kikikosewa, panga linazama baharini.

Piga hesabu kabla ya kukata chuma. Chukua panga la gramu 800 ambalo uzito wake umekaa sentimita 12 kutoka katikati ya shafti. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, linavutwa kwenda nje kwa nguvu ya nyutoni 1,050 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 107 kwenye shina lake, pale linapoingia kwenye kitovu. Mizunguko ikifika 2,000, nguvu hiyo huwa mara nne. Beringi na kola za shina zibebe mzigo huo pamoja na msukumo wa maji, na bado panga ligeuke bila kukwama. Kazi hii mpe fundi mwenye mashine ya kukereza iliyonyooka. Ubahili usiuweke hapa.

Shaba njano iache. Chumvi hula zinki iliyomo, panga likaonekana zima kumbe ndani limekuwa kama sponji. Bronzi ya aluminiamu hudumu zaidi. Boliti za chuma cha kawaida nazo zitaliwa mapema.

Amua pia mwendo utakaoutumia zaidi. Propela ya kipenyo cha sentimita 40, inayokusudiwa kusonga sentimita 25 kwa mzunguko, panga lake lina pembe ya nyuzi 16 hivi kwenye asilimia 70 ya urefu kutoka katikati, na pembe huongezeka kadiri unavyokaribia kitovu. Ukiligeuza, sehemu zote hugeuka kwa nyuzi zilezile, kwa hiyo msokoto wake utakuwa sahihi kwa mwendo mmoja tu.

Boti za uvuvi za Norway zenye injini za kampuni ya Sabb zilirudi nyuma kwa kugeuza mapanga tu, bila gia ya rivasi. Ukifuata njia hiyo, shafti itobolewe katikati ipitishe fimbo ya kusukuma, na oili sili zizuie maji yasiingie kwenye grisi. Ila kama hutaweka klachi, jua kwamba boti ikisimama propela bado inazunguka. Anayeogelea karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, haoni hatari hiyo, na kamba ikiangukia hapo inajisokota papo hapo. Weka swichi ya kuzima injini mkono unapofika.

Fimbo ikikatika, mapanga yatasimama wapi? Weka vizuizi ndani ya kitovu yasipite kiasi, na pini ya kuyafunga upande wa kwenda mbele. Jaribio la kwanza lifanyike boti ikiwa imefungwa gatini, nanga ikiwa tayari.