Alizeti ya chotara inalipa kweli? Pima hivi kabla hujamwaga hela

Wadau habari za kazi. Mimi nakamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, na kila msimu lazima atokee dalali wa kuniambia boss chukua chotara, ina mafuta balaa, ongeza hamsini tu kwa kilo. Msimu mmoja nikamuamini, nikakamua gunia tatu za mfano zikatoa vizuri, nikanunua fuso nzima, afu mzigo uliobaki ukawa wa kawaida tu. Tangu hapo napima kwa takwimu, simu yenye Excel inatosha.

Hatua ya 1: jua unatafuta nini. Hamsini kwa kilo ni sh 2,500 kwa kilo 50. Kama lita naiuza sh 5,000, chotara lazima inizidishie nusu lita ndo hela irudi. Iandike ukutani hiyo nusu lita, maana dalali atakuongelesha mafuta mengi, we unauliza kama inavuka nusu lita.

Hatua ya 2: sahau gunia, kuna lumbesa. Weka kilo 50 kamili kwenye mizani kila mkamuo, na chota kutoka magunia tofauti, sio yale ya juu aliyokupangia mwenyewe.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi tunajidanganya. Asubuhi mashine ikiwa baridi mashudu yanatoka bado na mafuta, ukiyafinya vidole vinalowa, ikishapata moto inakamua mpaka yanakauka. Sasa ukikamua Rekodi, yani mbegu ya kawaida isiyo chotara, asubuhi afu chotara mchana, umepima joto la mashine tu. Ipashe kwanza, afu kila mkamuo rusha sarafu kuamua ipi inaingia, mbegu moja ikifika mikamuo mitano malizia na nyingine. Umeme ukikatika katikati rudia huo mkamuo. Mafuta yaache yatuame usiku kucha, la sivyo unapima na mashapo.

Hatua ya 4: namba zangu kwa lita, Rekodi 12.1, 13.4, 11.8, 12.9, 12.3, chotara 13.6, 12.4, 13.9, 14.1, 13.0. AVERAGE inatoa 12.5 na 13.4, tofauti 0.9, dalali hapo keshashangilia. Subiri. STDEV.S, yani namba zinavyotawanyika, ni 0.64 na 0.70. Kila moja izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 5, jumlisha zote mbili, chukua kipeuo cha pili, unapata 0.42. Zidisha kwa 2.3, inakua karibu 1. Hiyo 2.3 inatoka kwenye jedwali la t, kazi ya Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliitoa 1908 na yeye alikua anahangaika na sampuli ndogo ndogo kama sisi. Hiyo 1 itoe kwenye 0.9, afu ijumlishe, kwa hiyo tofauti ya kweli inaweza kua popote kati ya -0.1 na 1.9, na nusu lita iko humo humo ndani. Hapo huna jibu bado.

Hatua ya 5: ongeza mikamuo ifike kumi kumi, 2.3 inashuka kua 2.1 na kugawa unagawa kwa 10. Mimi tofauti ilikuja 1.2, kati ya 0.6 na 1.8. Nikanunua.

Na mashudu je? Mafuta yakizidi lita moja unapoteza kama kilo 0.92 ya mashudu, wafugaji wakinunua kwa sh 500 kilo ile nusu lita yangu inapanda mpaka 0.55. Ile 0.6 yangu ya chini bado inaivuka, nimepona kwa kijisehemu.