Hesabu za hela kwenye JavaScript: namba za kawaida, BigInt, big.js au decimal.js?

Fungua konsoli ya brauza uandike 19.99 * 100, jibu linatoka 1998.9999999999998. Brauza haijaharibika, JavaScript inatunza namba zake za kawaida kwa baineri ya biti 64 (IEEE 754) na desimali kama 0.1 haiishi ukiiandika kwa baineri, kwahiyo inakatwa. Ukichora grafu haisumbui, ila hela ya mtu lazima itoke sawa mpaka senti ya mwisho.

Kabla ya kuinstoli chochote jiulize kama unakihitaji kweli. Kwa duka la kawaida tunza bei kwa senti, yaani 1999 badala ya 19.99, uje ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Namba nzima ziko salama mpaka 9007199254740991, hizo kama ni senti ni zaidi ya shilingi trilioni 90, duka lako halifiki huko.

Ukivuka hapo, mfano sarafu za kripto, ambako ether 1 ikigawanywa kwa wei (kipande chake kidogo kabisa) unapata 1 ikifuatwa na sifuri 18, tumia BigInt, aina ya namba nzima kubwa. Ilikuja na ES2020, imo ndani ya brauza tayari, unaongeza tu n mwishoni mwa namba. Lakini desimali haijui kabisa, 7n / 2n inakupa 3n, ukiichanganya na namba ya kawaida inagoma, na JSON.stringify (inayogeuza data kuwa maandishi ya JSON) nayo inaikataa mpaka uigeuze stringi kwanza.

Sasa VAT, riba na kubadilisha dola ndo zinataka laibrari ya desimali. Hapa mimi nasema big.js bila kusita, ni ndogo, kujumlisha na kuzidisha kwake hakupotezi tarakimu hata moja, inaraundi kwenye kugawanya, kutafuta kipeuo cha pili na vipeo hasi tu, na unaichagulia iraundi vipi. VAT ya Kenya ya 16%:

new Big('19.99').times('0.16').toFixed(2)

Unapata 3.20. Watu wengi wanakimbilia decimal.js kwa sababu ina mambo mengi, sini, logi, vipeo vya desimali, na kweli ukifanya hesabu za kisayansi hiyo ndo yenyewe, ila ujue inaraundi kila hatua, hata kujumlisha, kwa tarakimu 20 usipoibadilisha. bignumber.js iko katikati, ichukue kama unahitaji heksadesimali (namba za msingi wa 16).

Yoyote utakayochukua, ilishe stringi (namba ndani ya alama za nukuu, kama '19.99'), maana ukiipa 0.1 + 0.2 inapokea 0.30000000000000004 na inaitunza hivyohivyo. Kwenye databesi weka DECIMAL au NUMERIC, achana na FLOAT. Na kama unatumia databesi ya PostgreSQL na Node kupitia pg (laibrari inayoviunganisha), NUMERIC inarudi kama stringi, wala usiipitishe kwenye parseFloat, itie moja kwa moja ndani ya Big.