Kupanga Bustani ya Kwanza ya Mboga Nyumbani

Kabla ya kushika jembe, tumia siku nzima kulitazama eneo lako asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa mboga nyingi huhitaji kupigwa na jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku, na kivuli cha mwembe wa jirani huhama kadiri jua linavyosogea. Pawe pia karibu na maji.

Udongo nao upimwe kwa mkono. Chukua konzi moja yenye unyevu, uifinyange: udongo ukisambaratika mara moja, una mchanga mwingi, kama ulivyo katika maeneo mengi ya pwani, na utahitaji samadi ya kutosha, ukivutika kama utepe, ni mfinyanzi, ambao hutuamisha maji wakati wa masika. Samadi iwe imeoza vizuri, isiyotoa joto wala harufu kali, kwani iliyo mbichi huunguza miche.

Tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linatosha kabisa, maana utalifikia katikati kutoka pande zote mbili bila kuukanyaga udongo. Nusu panda mchicha, unaovunwa baada ya wiki 3 hadi 4, na nusu sukuma wiki, miche ikiachana sentimita 45 hivi. Nyanya, kwa maoni yangu, zisubiri msimu wa pili, kwa sababu magonjwa yake humkatisha tamaa anayeanza. Mbegu za mchicha ni ndogo mno: zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, la sivyo zitarundikana mahali pamoja.