Igizo la kusimamishwa katikati: jinsi ya kulifanya na kikundi chenu

Kila kikundi kina lile jambo ambalo kwenye kikao hakuna anaeligusa, ila kikao kikiisha watu wanasindikizana nalo mpaka kituo cha daladala. Kwenye kikoba ni mweka hazina anaejikopesha kimyakimya, kwenye kwaya ni mwalimu mwenye waimbaji wake, ofisini ni bosi anaesikiliza watu wawili tu. Mkiitisha semina mtapewa kalamu na soda na jambo litabaki palepale. Mimi nashauri mfanye igizo, tena lile ambalo mtazamaji ana ruhusa ya kulisimamisha katikati, akaingia mwenyewe na kucheza vile anavyoona yeye.

Alieliwekea igizo hili utaratibu ni Mbrazili, Augusto Boal. Alikuwa na kundi la maigizo São Paulo, serikali ya kijeshi ikamkamata mwaka 1971, wakamtesa, akaishia uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru kwenye mradi wa kuwafundisha watu wazima kusoma, na mtindo wake wakati huo ulikuwa watazamaji wanasema cha kufanya halafu waigizaji wanafanya. Stori ilikuwa ya mke aliedanganywa na mumewe, sasa mama mmoja kwenye watazamaji akasema huyu mke azungumze na mumewe kwa uwazi kabisa. Waigizaji wakajaribu, mama akasema sio hivo, wakarudia, bado sio, mpaka akakasirika na Boal akamwambia basi panda wewe utuonyeshe. Mama akapanda, akachukua fagio, akamtembezea kipigo yule muigizaji kwanza ndo mazungumzo yakaanza! Tangu hapo mtazamaji akawa anaingia mwenyewe. Na ukifikiria, watu wote pale walikuwa wamesikia maneno ya yule mama vizuri tu, ila hakuna alieelewa anamaanisha nini mpaka walipompisha.

Huku kwetu nako kazi za namna hii zina historia yake. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walienda Malya mkoani Mwanza wakakaa na wanakijiji kuchambua matatizo yao kwanza, likiwemo la mimba za wanafunzi, halafu ndo michezo na ngoma vikatengenezwa kutokana na hayo. Kenya nako, Kamĩrĩĩthũ pale Limuru mwaka 1977, mazoezi yalifanyika wazi na wanakijiji wakawa wanakosoa lugha na uchezaji mpaka mchezo ukawa wao. Serikali ikafuta kibali mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliekuwa mmoja wa waandishi akawekwa kizuizini.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Mnahitaji watu kama kumi mpaka ishirini, nusu siku, na uwazi wowote wenye kivuli. Jukwaa la nini, spika za nini, wekeni viti nusu duara inatosha. Cha muhimu ni mtu mmoja wa kuendesha, tumuite mwezeshaji, na huyu asiwe kiongozi wa kikundi, hilo sina mjadala nalo. Mwenyekiti akiendesha igizo linalohusu uongozi wake watu wataigiza adabu tu.

Msianze na stori. Watu wazima hawajazoea kutazamana usoni wala kuwa wajinga mbele ya wenzao, kwahiyo anzeni na miili. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kiganja, nalo ni la Boal. Mnakaa wawiliwawili, mmoja ananyoosha kiganja mbele ya uso wa mwenzie karibu shibiri moja hivi, mwenzie kazi yake ni kufuata, uso usisogee mbali na kiganja wala usikikaribie zaidi, kiganja kikienda chini anachuchumaa, kikizunguka anazunguka, hakuna kuongea. Dakika tatu halafu mnabadilishana. Hapo utaona tabia za watu zote bila kuambiwa. Kuna anaepeleka mkono kasi mpaka mwenzie anapotea na yeye wala hajagundua, kuna anaeogopa kumsumbua mwenzie mpaka anasimama tu hapo, na kuna yule anaeangalia goti la mwenzie kwanza kama linaweza kukunja ndo anashuka. Mpeni mwenyekiti afuate kiganja cha mwanachama mpya kabisa, kisha awaambie wote shingo yake ilijisikiaje. Hilo swali la shingo ulizeni kweli, maana ukimuuliza mtu umejifunza nini atakupa hotuba, ukimuuliza wapi paliuma anakujibu ukweli.

Baada ya hapo fanyeni sanamu. Mtu mmoja anawapanga wenzie wanne au watano, anawainamisha, anawageuza, anaonyesha kikao chenu kilivyo kwa macho yake, bila maneno. Mwingine akiona sio hivo anapanga upya. Ndani ya robo saa mtakuwa na picha tatu nne za kikundi kimoja na hazifanani, na mara nyingi stori ya kuigiza inatokea hapohapo.

Stori iwe fupi, dakika saba zinatosha, na iishe vibaya. Watu wanapenda kumaliza vizuri, mkosaji anaomba msamaha, wote wanakumbatiana, na hapo mmeshaua igizo kwasababu mtazamaji hana cha kuingilia. Chukua mfano wa kikoba, lile sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Mweka hazina ana mgonjwa, anawaomba washika funguo wafungue leo usiku, atarudisha kabla ya kikao. Wawili wanakubali, yule wa tatu ni binti mgeni kwenye kikundi, anasita, wanamwambia we mtoto wa juzi unataka kumuua mgonjwa wa mwenzio? Anatoa ufunguo. Kikao kinafika hela hazijarudi, na anaelaumiwa ni yeye. Angalia hapo hakuna jambazi, kila mtu ana sababu yake, na ndo igizo linavyotakiwa kuwa. Mkimfanya mweka hazina mwizi wa kucheka kwa sauti nzito mtapata kichekesho kizuri na hakuna atakaejifunza kitu. Jambo la mtu halisi aliekaa hapo msilichukue kama lilivyo, badilisheni kazi, umri, kiasi, mpaka mwenyewe aweze kucheka na wengine.

Onyesheni mara ya kwanza bila kukatizwa. Mara ya pili yeyote akipaza sauti "Simama!" waigizaji wanaganda, yeye anaingia kuchukua nafasi ya aliebanwa, hapa ni yule binti. Asichukue nafasi ya mweka hazina, maana kumfanya mkosaji awe mwema ghafla ni rahisi mno na kesho mtaani haitatokea. Na hao waigizaji wengine wasimuachie, wamkandamize kwa hoja zilezile ambazo watu huwa wanatumia kweli, mgonjwa, undugu, heshima ya wakubwa. Mmoja atajaribu kukataa kabisa atashindwa, mwingine atasema twende kwa mwenyekiti saa hii hii, mwingine atatoa hela yake mfukoni badala ya ufunguo na hapo utasikia minong'ono. Akitokea wa kusema napiga simu wafadhili watatuletea milioni mbili, watazamaji wenyewe wapige kelele "muujiza huo!" na anarudi kukaa.

Mwezeshaji hapa ndo anapimwa. Kazi yake ni kuuliza: huku kwetu hiyo inawezekana? Ingemgharimu nini? Nani ana njia nyingine? Ole wake aanze kutoa jibu lake, watu watamuachia igizo lote, na ukimya ukija auvumilie, ahesabu moyoni mpaka kumi ikibidi, kuna mtu nyuma anajikusanya kusimama. Aangalie pia wasiingie wanaume tu au wasemaji walewale. Akiona mtu machozi yanamtoka asimlazimishe kuendelea, na mambo mazito kama ukatili wa kingono yasichezwe kabisa kama hamna mtu mwenye ujuzi wa kuwasaidia waathirika.

Mkimaliza, waigizaji watoke kwenye nafasi zao kwanza. Kila mmoja aseme jina lake halisi na aeleze alipokuwa mweka hazina alijisikiaje, la sivyo huyo kaka ataitwa mwizi wiki nzima. Halafu mtu achukue daftari aandike njia zilizojaribiwa na ipi ilisimama. Boal mwenyewe alipokuwa diwani Rio de Janeiro kuanzia 1993 mpaka 1996 alifanya hivohivo, mapendekezo kutoka kwenye maigizo ya mitaani yalipelekwa barazani na mengine yakawa sheria za jiji. Nyie mna katiba ya kikundi, kwahiyo kikao kijacho ajenda ya kwanza iwe hiyo, na asome yule aliecheza binti, kama mlikubaliana mfano kwamba ufunguo hautoki nje ya kikao, au mfuko wa dharura uwe na kiwango chake na wa kuidhinisha wajulikane, pigeni kura hapohapo.