Herufi ndani ya picha: somo kwa wazazi na walimu wa awali

Chati nyingi za herufi ninazoziona zikiuzwa hapa Dodoma zinaweka herufi upande huu na picha upande ule. Mtoto anakariri picha. Ifunike uone: herufi haijui. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Linnea Ehri, na wenzake walilinganisha picha iliyobeba umbo la herufi na picha iliyokaa mbali na umbo hilo. Watoto waliopewa picha zenye umbo la herufi walijifunza vizuri zaidi. Njia hiyo tunaiweza kwa kadi tulizokata kwenye boksi tupu na maka peni.

1. Masikio kwanza. Kabla ya kadi yoyote, chezeni uani: "Naona kitu kinaanza na kkk." Mtoto ataje kuku, kiti, karanga. Asipoisikia sauti ya mwanzo, msiharakishe, endeleeni na mchezo. Na wewe taja sauti, "mmm", usitaje "emu".

2. Irabu. Andika herufi ndogo kwa wino mweusi, kisha chora picha juu yake kwa rangi hafifu ili umbo lisimezwe.
a: andazi la mviringo, kijiti kimesimama kando yake.
e: embe lililong'atwa upande.
i: inzi ametua juu ya kijiti.
o: beseni, tunaosha. Mtoto aseme "osha" huku akisugua mikono.
u: ulimi nje! Hii hawaisahau.

3. Konsonanti. Hapa ndipo watu wazima tunapowachanganya watoto. Mbuzi hafai kwa m, maana anaanza na mb. Ndizi, nyoka na ng'ombe hawafai kwa n. Nyoka huwekwa kwenye s kwa sababu anajipinda, lakini mtoto akimtaja, sauti ya s haimo kabisa, chora sikio. Kwa m chora vilima viwili na useme "milima", si "mlima", ili m ikae na irabu yake. Kwa n, nungunungu aliyeinua mgongo. Kwa k, kuku amefungua mdomo. Kipimo changu ni hiki: mtoto awe amekiona kitu chenyewe kwa macho yake. Nanga ni picha nzuri, lakini kwa mtoto wa Bahi au Mpwapwa haimwambii kitu.

4. Kidole. Mwaga mchanga mkavu kwenye sinia. Mtoto aandike m kwa kidole huku akisema: shuka, panda kilima, shuka, panda kilima, shuka.

5. Ondoa picha. Wengi wanairuka hatua hii, na mtoto anabaki msomaji wa picha. Nyuma ya kadi andika herufi tupu. Aanze na upande huo. Akikwama, ndipo ageuze.

6. Unganisha mapema. Usingoje herufi zote 24. Akiwa na irabu, m na k, tayari anasoma mama, kaka, mimi, kuku, ukoko. Mpe ukoko ausome siku mliyopika wali.

Maswali ya wazazi, walezi na walimu

*Mama wa Nkuhungu:* Mwalimu, wangu anachanganya b na d kila siku. Nimpeleke hospitali?

Hapana mama, kwa umri wa awali ni kawaida. Kosa ni kuzifundisha pamoja. Shika b kwanza: bata, shingo linatangulia, tumbo linafuata. Ikishakaa imara, ndipo ulete d: dumu, tumbo kwanza, mpini baadaye.

*Babu, Chamwino:* Mjukuu wangu anaongea Kigogo tu nyumbani. Hizi picha atazijuaje?

Shikamoo babu. Mshikishe kitu chenyewe, kitajeni kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, mcheze nacho mpaka jina la Kiswahili limtoke bila kufikiri. Kadi ifuate baada ya hapo. Kigogo chake usikizuie, ndicho kilichomfundisha kusikiliza.

*Mwalimu wa awali, Kongwa:* Darasa langu ni kubwa, kadi hazitoshi.

Chora chini, mwalimu. Umbo moja kubwa uwanjani, watoto walitembee kwa foleni wakitoa sauti yake. Kadi baki nazo kwa wale wanaochelewa, ukae nao wachache wachache.

*Dada wa Kizota:* Chati niliyonunua ina q na x. Niziruke?

Ruka. Alfabeti ya Kiswahili haina hizo, na c haisimami peke yake, inakuja na h: chai, chura. Atakutana nazo kwenye Kiingereza.

*Baba wa Kondoa:* Wa kwangu ana miaka mitatu. Nianze na irabu?

Anza na hatua ya kwanza tu, baba. Mwimbie, msimulie, chezeni mchezo wa sauti mkienda dukani. Akianza mwenyewe kuuliza "hii ni nini?" mbele ya maandishi, mtolee kadi ya u.