Kuandika mambo ya nyumbani bila kuvunja heshima ya nyumba

Mimi naandika mambo ya nyumbani: mapishi, malezi, nguo za sherehe, kupanga chumba kidogo, bei za sokoni. Naandikia Tanga, Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba na nyumba zake nyingi ni za vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, na uani ni wa wote. Anayekaanga upande huu anasikika upande ule. Kwa hiyo siwezi kuandika habari zangu peke yangu. Nikigusa chungu changu nimegusa na cha jirani, cha wifi, cha mama mkwe.

Wadogo zangu wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza habari za kamera na mwanga. Mimi huwaanzishia kwa watu. Picha ikiwa mbaya utapiga nyingine, lakini jambo la mtu likishasomwa na mtaa halirudi ndani.

Namna ya kuomba ruhusa

Kuomba ruhusa ni kazi yenye adabu yake. Usimsimamishe mtu mlangoni, mikono imejaa unga, ukamwuliza, "Shangazi, nikuandike?" Atakujibu, "Andika tu mwanangu," kwa sababu pwani mtu mzima haoni vizuri kumkatalia mtoto aliyemwendea kwa heshima. Jibu hilo usilihesabu kuwa ruhusa. Andika kwanza, kisha rudi na maandishi. Mpigie hodi wakati ametulia, baada ya alasiri kwa mfano, mwamkie, ukae. Umsomee kwa sauti, neno kwa neno, maana wazee wengi hawasomi maandishi madogo ya simu na wengine hawatakuambia kwamba hawasomi. Ukimaliza usimwulize kama amekubali. Mwulize, "Kuna neno ungependa litoke?" Swali hilo linampa nafasi ya kukataa bila kukuaibisha, na hapo ndipo utasikia la moyoni. Mwingine atasema toa habari ya mume wangu. Mwingine atasema toa yote. Toa.

Tena angalia jambo ni la watu wangapi. Dada yako anaweza kukuruhusu uandike alivyojifungua. Mvutano wake na mawifi kuhusu jina la mtoto ni wa familia mbili, na yeye peke yake hana uwezo wa kukupa. Ugonjwa, mimba changa, fedha za mume, mtoto aliyefeli mtihani: haya mimi siyaandiki hata nikipewa ruhusa, mpaka kila anayehusika akubali, na kwa kawaida hawakubali wote.

Usidhani kubadilisha jina kunatosha. Ukiandika "jirani yangu mmoja muuza vitumbua ambaye mumewe yuko Omani," wasomaji wa Arusha hawatamjua, lakini barabara nzima imeshamjua, na ndiyo inayomwuma. Badilisha kinachomtambulisha: kazi yake, mahali, umri wa watoto. Kama baada ya kubadilisha kisa hakina maana tena, basi kisa hicho si chako, kiache.

Na kitu kingine ambacho watu wa pwani tunakijua vizuri: kijembe. Kanga ina desturi yake ya kupeleka ujumbe, mtu akavaa yenye maneno anayotaka yasomwe, akapita mbele ya mlengwa, na yakaishia hapo uani. Makala inasomwa na watu elfu ambao hawajui ugomvi umeanzia wapi. Ukiona sentensi umeiandika ili mtu mmoja tu aisome na kuumia, ifute.

Harusi, unyago na misiba

Hapa ndipo waandishi wa mambo ya nyumbani wanapoharibu zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye rangi, nguo, manukato na vyakula, na kila mtu ana simu mkononi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mambo ya singo, yaani kumsugua na kumpamba mwali kabla ya harusi, na ya unyago yana nje yake na ndani yake. Ya nje andika kwa raha zako: liwa inavyosagwa, asumini na vikuba vinavyofungwa, hina inavyopakwa, kanga zilizochaguliwa, pilau iliyopikwa kwa kuni na idadi ya masufuria. Wasichana wengi wanaokulia mbali na pwani wanataka kuyajua haya na wana haki ya kuyapata yakiwa yameandikwa vizuri. Lakini anayoambiwa mwali na somo wake, yaani kungwi anayemfunda, nyimbo za ndani, michezo ya ndani, hayo yalisemwa mbele ya wanawake walioruhusiwa kuwamo. Nawe ulipoingia uliaminiwa pamoja nao. Kuyatoa ukayapa kichwa cha kuvutia wasomaji ni kuvunja ahadi ambayo hukuitamka kwa mdomo lakini uliitoa.

Picha ya bibi harusi usiitangulize. Ngoja familia yake imtoe yenyewe kwanza. Wageni wa kike waliokuwa vichwa wazi ndani kwa sababu walijua hakuna wanaume, hao usiwatoe kabisa, hata kama wameonekana kwa mbali nyuma ya keki.

Msiba una amri yake. Usiandike habari ya kifo kabla ya wenyewe. Kila ukoo huku una mtoto aliyeko Muscat, Dubai au London, na si haki ajue kwamba mama amefariki kwa kuona picha ya turubai kwenye simu. Subiri matanga yaanuliwe. Ukitaka kuandika jinsi akina mama wanavyogawana zamu za kupika msibani, jambo ambalo ni zuri na linastahili kuandikwa, nenda baadaye ukaulize.

Nina jambo moja linalonichoma sana, nami nalisema kila Ramadhani. Ukipeleka futari nyumbani kwa mtu, simu ibaki mfukoni. Usimpige picha ameshika mfuko wa unga na kilo ya sukari. Usiandike ukuta wake ulivyo na nyufa ili wewe uonekane mkarimu. Mtu huyo ana watoto wanaosoma na wenzao, na kesho darasani picha itakuwa imefika kabla yao.

Watoto

Watoto nitawataja kwa ufupi kwa sababu sheria zimeshasema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwangu kanuni ni hizi: mtoto wa mwenzangu haonekani bila mzazi kukubali, sare yenye nembo ya shule haionekani, mtoto anayeoga, anayelia au mgonjwa haonekani. Mtoto wangu mwenyewe nikimwuliza akasema hapana, ni hapana. Mtoto wa miaka sita anajua vizuri kitu kinachomtia haya.

Mapishi na bei

Sasa tuje kwa msomaji. Yeye naye ni mtu uliyemwingilia nyumbani. Atachukua maneno yako aende nayo sokoni, atumie fedha ya siku nzima, na wageni wakiwa sebuleni mkate usipoumuka hatakuona wewe, ataona aibu yake.

Chukua mkate wa kumimina. Ukiandika "loweka mchele, saga na tui, tia hamira, uache uumuke, mimina upike," umesema kweli na hukumsaidia mtu. Mwambie mchele ulale majini usiku kucha. Mwambie tui liwe zito, na alitie kidogo kidogo wakati wa kusaga, kwa sababu uji ukiwa mwepesi mno mkate hukaa chini kama ugali na hauna vishimo. Mweleze uji unavyoonekana ukiwa tayari: unateremka kutoka kwenye mwiko taratibu, haukatiki. Sema kikombe chako ni cha mililita ngapi, maana kikombe cha kahawa na kikombe cha chai ni vitu viwili. Sema ulipika kwa nini. Mimi hupika kwa mkaa na kupalia moto juu ya mfuniko, makaa mengi juu na machache chini. Mwenye oveni au jiko la gesi anahitaji maelezo yake, na kama hujajaribu kwa gesi, andika kwamba ulipika kwa mkaa tu.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: weka karatasi yako mbele upike kwa kuifuata yenyewe, usifuate mkono wako. Mkono umezoea, utaongeza kijiko bila wewe kujua. Bora zaidi mpe binti asiyewahi kuupika mkate huo, ukae kimya umtazame. Kila anapokugeukia kuuliza, hapo pana sentensi imekosekana.

Aliyekufundisha mtaje. Orodha ya mchele, nazi, sukari, iliki na hamira si mali ya mtu, lakini maelezo ya bibi aliyekuonyesha ni jasho lake. Asipotaka jina lake litoke, andika "nimefundishwa na bibi wa jirani." Wala usiandike kwamba ni chakula cha Tanga peke yetu. Lamu wanaupika, Mombasa wanaupika, Unguja wanaupika, na kila mmoja atakuja na ushahidi wa nyanya yake. Picha za watu usichukue pia. Hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, na Tanzania ina sheria yake tangu 1999. Kupiga picha ya sahani yako mwenyewe dirishani asubuhi hakugharimu kitu.

Bei iandike pamoja na soko na mwezi. "Samaki ni rahisi Tanga" ni sentensi ya kupoteza watu. Wakati wa kusi bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki changu kwenye soko la samaki la Deep Sea si bei ile ya kaskazi. Machungwa yakiwa yamejaa kutoka Muheza bei yake huwezi kuilinganisha na miezi ambayo hayapo. Ramadhani nayo ina bei zake: nazi, mihogo, tambi, tende. Msomaji akijua uliuliza soko la Mgandini mwezi wa saba, atapima mwenyewe.

Vitu vya kupewa, dawa na krimu

Ukipewa kitu bure au ukilipwa, sema kwenye sentensi ya kwanza. "Sufuria hizi nimepewa na muuzaji." Mwishoni kabisa kwa herufi ndogo ni kuficha. Mwuzaji anayekutaka usiseme anakueleza tabia yake, achana naye. Na kabla hujaanza kutangaza chochote kwa malipo, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama unachofanya kinahitaji leseni. Tanzania imekuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zikabadilishwa 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo usifuate ulichoambiwa na rafiki miaka iliyopita.

Krimu za kung'arisha ngozi sizipokei kwa bei yoyote. Zebaki iliyomo kwenye baadhi yake inaharibu figo, na binti anayeniamini kwa pilau ataniamini na kwa uso wake. Vivyo hivyo dawa za kupunguza tumbo na majani ya kusafisha kizazi.

Kwa mambo ya watoto wachanga, neno "mimi wangu nilimpa na hakudhurika" lisikutoke. Asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, hata tone la kulainisha koo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake ambavyo mtu mzima anavimudu. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza ndiyo kauli ya Shirika la Afya Duniani na ndiyo utakayoisikia kliniki. Bibi zetu walikuwa na yao, nami nawaheshimu, ila kitu kinachoingia kinywani mwa mtoto wa mwingine nakithibitisha kwa nesi kabla sijakiandika.

Baada ya kuchapisha

Mtu akikupigia simu anataka jambo lake liondolewe, liondoe kwanza, mazungumzo baadaye. Usimwombe sababu wakati maneno bado yanasomwa. Kipimo kikiwa si sahihi, rekebisha ndani ya maelezo na juu kabisa andika tarehe na ulichobadilisha, ili aliyenakili zamani ajue daftari lake linahitaji kusahihishwa.

Wasomaji wanaokuandikia wajibu kama wageni waliopiga hodi. Anayekuja na shikamoo mwitikie marahaba kabla ya jambo lenyewe, na aliyekuzidi umri umtangulie wewe. Anayekusahihisha mshukuru mbele ya watu, palepale alipokusahihisha. Anayetukana usimjibu.

Watakuja pia wanawake wenye mambo ya ndoa, usiku, kwa ujumbe mrefu. Wajibu faraghani, na kama kuna kipigo au vitisho, kwenye vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, mwelekeze huko na kwa mtu wa familia anayemwamini. Ujumbe wake usiufanye makala ya wiki ijayo, hata ukiwa umeondoa jina, hata baada ya mwaka. Mimi nikishamjibu naufuta, kwa sababu simu yangu huchukuliwa na watoto, na siku moja inaweza kupotea sokoni.