Maumivu ukiwa kwenye dawa za homa ya ini C: nini umeze, nini ukiache dukani

Wateja wangu wenye homa ya ini wanaiogopa Panadol kuliko kidonge kingine chochote. Wameambiwa inaua ini, basi wanaikwepa, halafu wananiomba diklopa, kidonge kingine cha maumivu. Huwa nairudisha diklopa kabatini, nawatolea parasetamoli ileile waliyoikimbia, kisha tunakaa kwenye benchi tunahesabu vidonge. Maelezo haya ni ya kwenye benchi hilo, pamoja na mengine ambayo siwezi kuyamaliza foleni ikiwa ndefu.

Nina duka la dawa muhimu hapa Masasi, si mbali na stendi. Mimi si daktari, nimesomea kutoa dawa tu. Huku kwetu anayekuja na cheti cha homa ya ini mara nyingi ana B. Wa C ni wachache, na wengi wao dawa wamezifuata hospitali kubwa, mbali na nyumbani. Wanarudi na kichupa cha vidonge 28, maelekezo ya kumeza kila siku kwa wiki 12, na mgongo uleule walioondoka nao. Korosho nazo hazimsubiri mgonjwa. Ikifika Oktoba mtu anainama chini ya mikorosho kutwa nzima, jioni hawezi kunyooka.

Habari njema ni kwamba dawa za siku hizi, kama sofosbuviri na daklatasviri, zinaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, na hazisumbui kama sindano za intaferoni za zamani, zilizomwacha mtu na homa na viungo kuuma kama ana malaria. Zinazosumbua zaidi sasa ni kuumwa kichwa, uchovu na kichefuchefu. Kwa hiyo dawa ya maumivu utaihitaji. La muhimu ni ipi, na kiasi gani.

Uliza hospitali kabla hujaja dukani

Swali la kwanza kwa daktari wako liwe hili: ini langu lina makovu au halina? Makovu hayo hospitalini huitwa sirosisi. Asiye nayo ana nafasi pana kidogo ya kuchagua. Mwenye nayo, hasa aliyewahi kujaa maji tumboni au kutapika damu, nafasi yake ni finyu, na baadhi ya vidonge ambavyo jirani yake anameza bila shida kwake vinaweza kumlaza wodini. Uliza pia figo zako zikoje, na kama umewahi kuwa na vidonda vya tumbo. Andika majibu kwenye simu. Ukija kwangu bila majibu hayo nitakuhesabia kama mwenye makovu, na usinune.

Parasetamoli, kwa kuhesabu

Ini huichakata parasetamoli na sehemu kubwa inatoka bila kumdhuru mtu. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba yake ya kuizima. Akiba hiyo ni kama tangi la maji ya mvua kule Newala: ukichota kwa kipimo linakufikisha msimu mwingine, ukichota ovyo unabaki na kopo mkononi. Mtu akimeza vidonge kupita kiasi, au akiwa mnywaji, au akiwa hajala vizuri kwa siku kadhaa, akiba inaisha na ile sumu inalishambulia ini lenyewe.

Mtu mzima mwenye ini zima anaruhusiwa hadi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ini lenye makovu, au anayekunywa pombe, huwekewa ukomo wa gramu 2, ambazo ni vidonge 4. Mimi wateja wote wa homa ya ini nawaanzishia hesabu ya vidonge 4, mpaka daktari wao aseme vinginevyo. Uzito wako ukiwa chini ya kilo 50, muulize daktari kwanza, maana dozi yako inaweza kupungua zaidi.

Njia rahisi ni kidonge kimoja kila baada ya saa sita: saa 12 alfajiri, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kimoja kisipotuliza, meza viwili kwa pamoja, lakini jumla ya siku ibaki vinne. Wanaofunga Ramadhani wanaweza kumeza viwili baada ya futari na viwili wakati wa daku, na tumbo liwe na chakula. Daku ya maji matupu siikubali kwa mtu wa ini. Maumivu yakipita siku tatu na bado unameza, usirudi kwangu kuongeza karatasi nyingine, nenda ukapimwe.

Sasa suala la uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Najua msimu wa mabibo ulivyo, na najua anayesema "nimeonja tu" ameonja kiasi gani. Pombe na homa ya ini C haviendani hata bila Panadol, na gongo ya mabibo ndiyo mbaya zaidi. Kama jana ulikunywa, usinifiche. Nitakutolea vidonge vichache na nitakuuliza umekula nini.

Hatari nyingine ni parasetamoli iliyojificha. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zinayo ndani. Diklopa inayo, maana ni diklofenaki na parasetamoli katika kidonge kimoja. Zile za kichwa zenye kafeini pia nyingi zinayo. Mtu anameza mbili za kichwa asubuhi, ya mafua mchana, diklopa jioni, na anaapa kwamba hajagusa Panadol. Geuza boksi, acha jina kubwa la rangi, soma maandishi madogo yenye miligramu pembeni yake. Kama shangazi amekuletea dawa kutoka Marekani ikaandikwa asetaminofeni, hiyo ni parasetamoli ileile, nayo iingie kwenye hesabu.

Diklopa, brufeni na ndugu zao

Diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi mnaiita brufeni, aspirini ya maumivu, indometasini, piroksikamu, meloksikamu: zote ni ukoo mmoja. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo, zinachubua tumbo, na zinafanya damu isigande upesi. Mwenye makovu ya ini tayari figo zake zinafanya kazi kwa shida, na mishipa ya koo la chakula inaweza kuwa imevimba kwa shinikizo la damu isiyopita vizuri kwenye ini. Mpe huyo diklofenaki ya siku chache, na unaweza kumletea kutokwa damu au figo kugoma. Diklofenaki yenyewe pia inajulikana kuumiza ini mara mojamoja.

Mwenye sirosisi asiziguse. Asiye na makovu, mwenye figo nzima na asiye na vidonda, daktari anaweza kumruhusu siku chache. Ruhusa hiyo itoke kwa daktari, si kwa jirani wala kwangu. Anayetumia dawa za CTC (kliniki ya VVU) zenye tenofoviri awe makini mara mbili, kwa sababu tenofoviri na diklofenaki zote zinazielemea figo.

Na sindano je? Kila wiki lazima atokee mtu anayeamini kwamba sindano ya diklofenaki "haipiti kwenye ini". Inapita. Ikichomwa kwenye paja au kwenye kalio, inaingia kwenye damu ileile na kufika kwenye ini lilelile na figo zilezile. Na duka langu si zahanati, sichomi sindano.

Mtego wa dawa ya tumbo

Hili ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Alikuja mzee mmoja kutoka Chiungutwa, mkulima wa mikorosho, mwenye kichupa chake cha sofosbuviri na velpatasviri. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nipe diklofenaki, na ile omeprazoli ya kulinda tumbo isiniunguze." Kwa mtu mwingine huo ni ushauri wa kawaida kabisa. Kwake yeye lilikuwa kosa juu ya kosa. Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke na kuingia mwilini. Omeprazoli inaikata asidi hiyo, dawa ya homa ya ini inaingia pungufu, na virusi vinapata mwanya wa kubaki. Ledipasviri, dawa nyingine ya homa ya ini C, nayo iko hivyohivyo. Zile dawa nyeupe za maji za kiungulia, na vidonge vya magnesi vya kutafuna, vitenganishwe na velpatasviri kwa saa 4, kabla au baada.

Nikamwambia, "Babu, tukiiacha diklofenaki, na omeprazoli huna haja nayo." Akaondoka na parasetamoli na mafuta ya kuchua. Kama kweli una vidonda na huwezi kukaa bila omeprazoli, mpigie aliyekuandikia dawa za ini akupangie saa. Usijipangie mwenyewe. Anayetumia daklatasviri hana tatizo hili na omeprazoli, kwa hiyo soma kichupa chako ujue uko upande gani.

Wengine wana maumivu ya mishipa, miguu inawaka moto usiku, na wana kabamazepini nyumbani, labda ya ndugu mwenye kifafa. Isiguswe. Inalifanya ini livunje dawa za homa ya ini C haraka mno, tiba nzima ikaharibika. Hata rifampisini ya kifua kikuu inafanya hivyo. Anayetumia mojawapo lazima hospitali ijue kabla kidonge cha kwanza cha homa ya ini hakijamezwa.

Dawa za mgongo za mnadani

Kwenye minada utamkuta mtu na spika yake, anauza unga wa mizizi wa mgongo, nguvu na miguu kwa pamoja. Simtukani, lakini sijui kilichomo ndani, na wewe hujui. Katika nchi nyingi maabara zimekuta unga wa namna hiyo umechanganywa kwa siri na diklofenaki au steroidi. Ukiona "mti" umekutuliza ndani ya nusu saa, shuku zaidi badala ya kusifu. Miti yenyewe pia, mingine inaumiza ini bila kuchanganywa na chochote. Kwa wiki 12 hizo, iache.

Nje ya vidonge

Mgongo wa kuokota korosho unasikia maji ya moto kuliko watu wanavyodhani. Kitambaa kilichokamuliwa au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, dakika 15 au 20, asubuhi na jioni. Mafuta ya kuchua yanafaa. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, hivyo kwa eneo dogo kama goti ni afadhali kuliko kidonge, ila mwenye sirosisi na mwenye figo mbovu aulize kwanza. Usipake kwenye kidonda. Na ukae kwenye kigoda unapookota, hata wakikucheka.

Kichwa kikiuma wiki za mwanzo za tiba, kunywa maji, kula, kisha kidonge kimoja. Ukiwa na homa juu yake, pima malaria kwanza. Mtwara na Lindi yote ni kwenye mbu, na Panadol itaificha homa bila kuondoa vimelea. Kama kwenye tiba yako umewekewa na ribavirini, dawa ya nyongeza ya homa ya ini C, na kichwa kinauma pamoja na kizunguzungu na kuhema ukipanda kilima kidogo, ni damu imepungua, na hilo linapimwa maabara. Jino liende likang'olewe au likazibwe. Maumivu ya hedhi: chupa ya moto na parasetamoli.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ni ya cheti cha daktari, na hata cheti kikiwepo ulizia kuhusu ini. Kwa mwenye makovu madaktari hupunguza dozi na kurefusha muda kati ya dozi na dozi. Inafunga choo, na choo kikifunga kwa mtu wa sirosisi sumu hupanda kichwani, akaanza kuchanganyikiwa. Kodeini ni hivyohivyo.

Ukiona haya, usipitie dukani

Macho kuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheusi kama lami, kutapika damu, tumbo kujaa ghafla, miguu kuvimba, au watu wa nyumbani kusema unaongea mambo yasiyoeleweka. Nenda hospitali ya Mkomaindo, Ndanda, Nyangao, Ligula au Sokoine, popote palipo karibu, na ubebe kichupa chako na kila karatasi ya kidonge uliyotumia. Macho ya njano katikati ya tiba yanaweza pia kuwa homa ya ini B iliyoamka, kwa anayebeba virusi vyote viwili. Ndiyo maana B hupimwa kabla ya kuanza dawa za C.

Aliyemeza parasetamoli nyingi kupita kiasi aende siku hiyohiyo hata kama anajisikia mzima. Siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu zaidi ya kichefuchefu, wakati ini linaanza kuharibika siku ya pili na ya tatu. Ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, asetilisisteini, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi ndani ya saa 8.

Usiache dawa ya homa ya ini kwa sababu ya maumivu, hata siku moja. Ukimaliza, kipimo cha kuthibitisha kupona hufanyika wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Aliyepona akiwa hana makovu anarudi kwenye hesabu za watu wote. Aliyepona akiwa na sirosisi abaki na vidonge vyake vinne, diklopa aendelee kuikwepa, na ultrasaundi afanyiwe kila miezi 6, kwa sababu virusi vinaondoka na makovu yanabaki.